Kasha la Bunduki Chumbani kwa Mkwe

Mie si mtu wa bunduki. Mie ni mtu wa kiti. Nilikuwa nacho kimoja cha uvivu, cha turubai, kilichokwisha kushika umbo langu hata mgeni akikikalia alihisi amevaa kanzu ya mwenzake. Nikitoka kazini mjini, nimelivuka bonde la Jangwani na viatu mkononi kwa sababu ya tope, nimepita Magomeni mpaka Kinondoni, haja yangu duniani ilikuwa moja tu: baraza, kiti hicho, na mtu asiniulize kitu. Ndiyo maana watu wakinisikia nasema kwamba enzi za Mwingereza niliwahi kuwa na leseni ya bunduki, hucheka kwanza ndipo wakauliza. Siwalaumu. Hata Inspekta aliyenipa leseni alinitazama mie kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama bunduki.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya baba mkwe. Ya mtutu mmoja, ya kupigia marisau, kitako chake kimezungushiwa waya wa shaba mahali kilipopasuka. Aliruhusiwa kuwa nayo kwa sababu ya nguruwe mwitu. Kinondoni ya siku zile ilikuwa minazi, mikorosho na mihogo, na nyumba moja moja zikichungulia katikati. Upande wa Ubungo lilikuwa pori, upande wa Mikocheni vichaka, na nguruwe walikuja kutoka pande zote mbili kana kwamba wamealikana. Nguruwe akiingia kwenye mihogo hali akashiba akaenda zake. Anafukua shamba zima kama mtu aliyepoteza pete. Baba mkwe alikuwa akitoka alfajiri, anapiga mmoja, wengine wanakaa mbali kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo mihogo ilivyopona, na mihogo ndiyo iliyokuwa maisha ya mama mkwe: aliuza mibichi, aliuza makopa, aliuza hata majani yake kwa kisamvu.

Kisha baba mkwe akafariki. Matanga hayajaanuliwa, tarishi akaleta barua kwamba bunduki ya marehemu ipelekwe kituoni, isipokuwa kama yupo mtu wa nyumbani atakayeombewa leseni. Mtu wa nyumbani alikuwa nani? Mke wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kwa hiyo nikawa mie, Mnyamwezi wa Tabora, karani, darasa la kumi, niliyejenga kwenye kiwanja cha mkwe kwa uvivu wa kutafuta kiwanja kingine. Nilichaguliwa kwa mwandiko, si kwa shabaha.

Mama mkwe alituma neno. Nasema alituma, ingawa tulikuwa watatu kwenye kibaraza kimoja, mie, yeye na binti yake, na ningenyoosha mkono ningeishika mbacha aliyokalia. Alimwambia mke wangu, "Mwambie mwenzio, bunduki ikiondoka, mihogo itaifuata. Na mihogo ikiondoka, mie nitaifuata."

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mama, amesikia."

Hapo inanipasa nieleze, maana vijana wa leo wanakaa na mama wakwe zao kochi moja wakigombea rimoti. Kwetu Unyamwezini mtu hamkazii macho mama mkwe wake. Kwao Uzaramoni mtu haingii chumbani kwa mama mkwe wake, hata kama paa linaanguka. Mie niliishi chini ya sheria zote mbili kwa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nikilisalimu pazia lake, "Shikamoo, mama," na pazia likijibu, "Marahaba." Basi. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu. Hata nilipomsakafia chumba chake kwa saruji, baada ya kulalamika kwamba baridi ya udongo inampanda magotini, saruji niliinunua mie, fundi nikamlipa mie, na mpaka leo sijapata kuiona sakafu hiyo. Nilisikia tu kwamba ni nzuri. Vyumba vingine vilibaki na udongo wake, kwa kuwa ari yangu iliishia hapo.

Nikaenda kwa Inspekta. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, na pembeni yake sajini wetu, mtu mzima, wa kumfasiria.

"Umewahi kupiga bunduki?" sajini akauliza kwa niaba yake.

"Nimewahi kuibeba."

Sajini akalipima jibu hilo kidogo, kisha akalifasiri refu kuliko nilivyolisema. Inspekta akaandika. Masharti yalikuwa haya: bunduki ikae ndani ya kasha la chuma lenye kitasa; ufunguo awe nao mwenye leseni peke yake, asimpe mke wala ndugu; na kwa sababu nyumba ni ya makuti, kasha liwe la aina isiyopitisha moto. Kiangazi kilichopita nyumba kadhaa ziliungua kwa kibatari kimoja, na katika mojawapo risasi zilifyatuka zenyewe ndani ya moto, zikawakimbiza waliokuja na ndoo. Inspekta angekuja mwenyewe Alhamisi ya mwisho wa mwezi, anione nikilifungua kasha kwa mkono wangu. Asiporidhika, bunduki itaingia ghala la polisi, na huko, sajini aliongeza kwa sauti ya chini, hakuna kitu kilichowahi kutoka.

Nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyepigana. Kitini nikamkuta mtani wangu. Huyu alikuwa jirani, Mzaramo, fundi wa nyumba za miti, ndiye aliyekisakafia kile chumba cha mkwe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na yeye aliichukua kazi hiyo kwa uzito kuliko ufundi.

"Kasha lisilopitisha moto," akasema baada ya kunisikiliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni hii unayoiona."

"Kwa hiyo nyumba itaungua, kiti hiki kitaungua, wewe utaungua kwa kuwa huna mbio, halafu Mzungu atakuja kuiokota bunduki nzima kwenye majivu."

"Ndiyo maana yake."

"Basi nunua kubwa, mlale humo."

Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele, akasema, "Mie silali humo. Huyu anakoroma."

Nikaanza kutafuta. Kwa mtu wa kiti, hakuna adhabu kama kutafuta kitu ambacho watu wengi hawakihitaji. Kwanza nilikwenda kwa fundi bati wa Kariakoo, akaniambia atanitengenezea sanduku la mbao, alivalishe bati ndani na nje. Nikamuuliza, moto je? Akasema moto haupendi bati. Nikamuuliza, mbao iliyo katikati je? Akasema mbao haitajua kama kuna moto, kwa sababu itakuwa imefunikwa. Nilimpenda yule mtu, lakini sikumwamini.

Kisha nikaenda Mtaa wa Wahindi, kwenye duka lenye vioo. Huko zilikuwepo sefu mpya, za kijani, zina mpini wa shaba unaozunguka kimyakimya kama unatiwa samli kila asubuhi. Mwenye duka alinifungulia mlango wa moja, mnene kama dirisha la ngome, akanionyesha kwamba ukuta wake una chuma nje na chuma ndani, na katikati umeshindiliwa unga mweupe wa kuzuia joto. Kila nilichouliza alikijibu kwa adabu. Halafu akaniuliza mie nafanya kazi gani. Nikasema karani. Akaufunga ule mlango polepole, kwa huruma.

Sefu yangu niliipata Gerezani, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vyuma chakavu. Ilikuwa imesimama kati ya mitambo ya kusagia na vitanda vya hospitali, urefu wake unanifika kiunoni, rangi yake imetoka malengelenge mwili mzima kama ngozi yenye ukurutu.

"Hii imeungua," nikamwambia.

"Ndiyo, ndugu. Duka zima limekwisha, hii moja imebaki." Akafungua, akatoa ndani picha ya harusi ya watu nisiowajua, ncha zake zimejikunja kidogo, nyuso nzima kabisa, bibi harusi bado amenuna. "Ilikuwa ndani. Mie naiacha humo iwe shahidi. Sefu nyingine zinasema haziungui. Hii imekwisha kuungua."

Sijapata kusikia hoja iliyonikaa moyoni kama hiyo. Hata hivyo, nisionekane mjinga, nilipiga magoti nikaikagua. Mzee mwenyewe alinifundisha kwamba ukiona unga mweupe umevuja kwenye misumari, usinunue, maana pale palipovuja ndipo moto utakapoingilia. Nikapitisha kidole kila pembe, hakikutoka na kitu ila masizi. Bunduki sikuweza kwenda nayo kuijaribisha, kwa kuwa bila leseni hata kuitoa uani ni kesi. Lakini ile ya kwetu ilikatika vipande viwili, mtutu na kitako, na mke wangu alikuwa amekata kili mbili za kusukia mkeka, moja kwa urefu wa kila kipande. Nikazitoa mfukoni, nikazining'iniza ndani ya sefu. Zikatosha, zikabaki na vidole vinne.

Bei sitaisema. Mke wangu bado ana macho mazuri ya kusoma.

Mzee alinipa onyo moja. Ilikuwa masika, na alisema sefu kama hiyo ukiiweka kwenye sakafu ya udongo wakati wa mvua, itazama. Alishawahi kuiona moja imezama mpaka mpini, na mwenyewe akawa anaifungua kwa jembe. Onyo hilo nililishika kwa mikono miwili. Siku ya kuipeleka, Jumanne ya wiki ya ukaguzi, mie nilikuwa kazini, nikawakodi mahamali wanne na mkokoteni, nikamwelekeza mkubwa wao nyumba, kisha nikamwambia, nikamrudia, na nikamwambia tena, "Iwekeni penye saruji. Kokote mtakapoona saruji. Penye udongo msiguse."

Nilijiona mtu mwenye busara sana siku hiyo. Hata nilipofika Magomeni nilisimama kunywa dafu.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa barazani, mkono shavuni.

"Imefika?"

"Imefika."

"Iko wapi?"

"Ulikowaambia."

"Niliwaambia penye saruji."

"Ndiyo."

Nikasimama nikivipitia vyumba vyetu kichwani, kimoja kimoja. Havikuwa vingi. Nilipokifikia cha mwisho nikakaa chini kwenye kizingiti, si kwenye kiti.

Mahamali walikuwa wameng'oa fremu ya mlango, wameiingiza kwa kuiyumbisha, wameituliza katikati ya chumba cha mama mkwe, wameirudisha fremu kwa adabu, wamekunywa maji, wameondoka. Mama mkwe alikuwa shambani. Aliporudi aliikuta imesimama mbele ya kitanda chake.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amekaa anaitazama tangu alasiri."

Mtani wangu akaja kuona. Yeye aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa ni wa ukoo wao. Akaingia, akakaa huko kwa muda, akatoka anajipangusa machozi.

"Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka Ujiji mpaka baharini," akaniambia. "Wewe umeshindwa kubeba kijisanduku kutoka Gerezani, umewapa Wazaramo wakakuingizie chumbani kwa mkweo."

"Tuite mahamali waitoe."

"Waitoe waiweke wapi? Sebuleni? Uamke na kisima?" Akanyoosha kidole kwenye sakafu ya sebule, iliyokuwa laini kama ugali wa jana. "Na kule ndani nimeona saruji yangu imeanza kupasuka. Wakiiyumbisha mara ya pili, sakafu yote inavunjika."

"Sasa mie nitaifunguaje mbele ya Inspekta?"

"Ingia umefumba macho."

"Na mama?"

"Na yeye afumbe."

Mke wangu akajaribu la maana zaidi. Aliingia kwa mama yake, nikawasikia nyuma ya pazia. Alimshauri kwamba Alhamisi aende kushinda kwa jirani, mie niingie upesi, nifungue, nifunge, nitoke, yeye arudi kama hakuna kilichotokea. Sauti ya mama mkwe ikaja taratibu, haina hasira.

"Mwambie mwenzio, chumba ni mie, hata nikiwa Bagamoyo."

Na hakuwa amemaliza. "Halafu mwambie na hili. Bunduki hii ilikaa uvunguni mwangu miaka yote ya baba yako. Alikuwa akiichukua alfajiri, akirudi anairudisha, ndipo nalala tena kidogo. Tangu afariki imekaa kwenu, mmeifunga kwenye mkeka kama mgonjwa. Leo nimeletewa nyumba yake, imekuja yenyewe mpaka kitandani kwangu. Haitoki humu."

Mke wangu alitoka, akaketi karibu nami. Nilikwisha kusikia yote. Hiyo ndiyo shida ya kuambiwa mambo kupitia mtu: unayasikia mara mbili, na mara ya kwanza unatakiwa ujifanye hukusikia.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu kwa amri ya serikali. Mlango wa sefu ulikuwa chumbani kwake kwa amri yangu mwenyewe. Kati yetu palikuwa na pazia la kaniki, na ilikuwa imebaki siku moja. Nikiri kwamba wazo lililonijia ni la mtu mvivu. Niliwaza kwamba labda ingekuwa nafuu bunduki ichukuliwe. Nguruwe wale mihogo, mie nirudi kwenye kiti changu. Nitamnunulia mkwe unga dukani. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kiasi, mpaka nikamsikia nyuma ya pazia akiipapasa ile sefu kwa kiganja, malengelenge yale yanatoa sauti kama mtu anayesugua ganda la nazi. Nikaona aibu. Unga wa dukani haumfanyi mtu aamke alfajiri ana la kufanya.

Asubuhi ya Jumatano sikwenda kazini. Nilipeleka habari kwamba nina homa, na haikuwa mbali na kweli. Nilikuwa sebuleni nauangalia ukuta wa chumba cha mkwe, sina lolote kichwani, mama mkwe alipopita kwenda uani na ndoo. Hakunitazama. Alimwambia binti yake aliyekuwa jikoni, kwa sauti ya kufika jikoni na kwingineko, "Mwambie mwenzio ukuta ni udongo tu."

Mke wangu akatoka na mwiko mkononi. "Anasema ukuta..."

"Nimesikia."

Nikaenda kumwita mtani.

Ukuta wa nyumba ya miti ni nguzo, fito na udongo uliokandikwa. Fundi anayeijua nyumba yake anaweza kutoboa tundu la kupita mbuzi kabla chai haijapoa. Mtani wangu alichora kwa mkaa upande wa sebuleni, akakata fito, akaacha nguzo mbili za pembeni, mwanga wa chumba kile ukapenya sebuleni. Nikageuza uso haraka, nikatazama makuti ya paa.

Kazi ilikuwa kuisogeza sefu mpaka ukutani na kuigeuza, ili mlango wake uelekee sebuleni na mwili wake ubaki chumbani. Wanawake wa mashamba ya jirani waliitwa. Waliingia sita au saba na michi yao ya kutwangia, wakaipaka mafuta ya nazi, wakaisukumia chini ya sefu kwa msaada wa mtarimbo wa mtani ili izunguke juu yake bila kuivunja saruji. Mie nilibaki sebuleni, nimeupa ukuta mgongo, nikitoa amri. Sijui kwa nini. Hakuna aliyeniomba.

"Isogezeni kulia," nikasema.

"Mnyamwezi," mtani akajibu kutoka ndani, "wewe huoni kitu, kulia gani unayoijua wewe?"

"Ukili wa kipimo nimeushika huku nyuma kwenye tundu, nausikia unakaa upande. Kulia kidogo."

Wakasukuma, michi ikalia. Halafu sauti moja ikauliza kupitia lile tundu, karibu na sikio langu, "Kulia kwako au kwetu?"

Michi ikasimama. Hata mtarimbo ukatulia. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, na haikuanza kwa "mwambie". Miaka kumi na mmoja, ukiondoa marahaba, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

"Kwenu, mama," nikasema, uso kwenye ukuta wa pili.

"Haya," akasema. "Kwetu, jamani. Sukumeni."

Kufikia jioni mlango wa sefu ulikuwa sawasawa na ukuta wa sebule, udongo mbichi umekandikwa kuuzunguka, hapana hata upenyo wa kuchungulia. Mke wangu aliosha mikono yake, akasema inafanana na jicho lililotiwa dawa.

Alhamisi Inspekta alikuja na sajini. Nilikuwa nimevaa koti. Nikatoa ufunguo, nikafungua. Ndani mtutu umesimama upande mmoja, kitako upande wa pili, risasi kwenye mfuko wa kitambaa, na nyuma yake ile picha ya harusi, ambayo sikuwa na moyo wa kuitupa. Inspekta aliugonga mlango, akaupapasa ukuta, akamwambia sajini jambo. Darasa la kumi lilinisaidia: alisema hajapata kuona karani aliyejenga kama benki. Nilijitahidi nisitabasamu. Kisha akasema anataka kuona na upande wa nyuma.

Sajini akanigeukia. "Nyuma ya ukuta huu pana nini?"

"Chumba cha mama mkwe wangu."

Sajini akalitupia pazia jicho. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi masikioni, na bila shaka naye alikuwa mkwe wa mtu mahali fulani. Akamgeukia Inspekta, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ndani yumo mwanamke mgonjwa sana, pengine wa kuambukiza. Na pale pale, nyuma ya sefu, mama mkwe wangu, ambaye hakujua neno moja la Kiingereza, akakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu chenye mizizi. Inspekta akarudi hatua moja, akaomba kalamu, akatia sahihi.

Sajini alipokuwa akipanda gari alininong'oneza, "Mpe shikamoo yangu."

Nikaipeleka kwa pazia. Pazia likasema marahaba, kisha likacheka.

Basi nikawa mwindaji. Alfajiri, nguruwe wakiingia shambani, mama mkwe ndiye aliyekuwa akiwasikia kwanza, kwa kuwa dirisha lake lilielekea huko. Mgongo wa sefu ulikuwa kichwani mwa kitanda chake. Alichukua mpini wa upawa, akaugonga mara tatu: ngo, ngo, ngo. Chuma kile kilipeleka mlio mpaka kwenye meno yangu. Hapakuwa na haja ya kumwamsha mtu wa kufikisha habari. Niliinuka, nikafungua, nikaunganisha mtutu na kitako, nikatoka na shuka kiunoni, nikapiga hewani. Katika miaka yote hiyo sikumpata nguruwe hata mmoja, ila niliupata mnazi wa jirani. Nguruwe walikimbia kishindo, na hilo lilitosha. Mihogo ikakua. Nikirudi nilikuwa nagonga mara moja upande wangu, kumwambia wamekwenda, na yeye hugonga mara moja, kuniambia amesikia. Kisha nilikwenda kazini nimesinzia, narudi nimesinzia, nakaa kitini nasinzia. Mtani alisema mie ndiye mwindaji pekee Kinondoni anayewindwa na usingizi.

Mama mkwe alifariki masika moja, miaka michache baadaye, baada ya kuugua siku nne. Siku ya mazishi chumba chake kilijaa wanawake. Sie wanaume tulikuwa sebuleni na barazani, juu ya majamvi, tukisubiri waliokwenda kuchimba kaburi. Nilikuwa nimekaa nimeuegemea ukuta, nimechoka uchovu ule usioisha kwa kulala. Mvua ilikuwa imekatika. Watu waliongea chini chini.

Huko ndani, sijui nani, labda mtu aliyekuwa akiweka ndoo ya maji, labda kiwiko cha mtu katika kubanana, akaigonga sefu. Ngo, ngo, ngo.

Nilikwisha kusimama. Ufunguo ulikwisha kutoka mfukoni, umeingia kwenye kitasa, nimeuzungusha nusu, kabla sijajua nafanya nini. Sebule nzima ikanitazama. Watu wa mbali hawakuelewa, wa karibu wakainamisha vichwa.

Mtani wangu alikuwa mlangoni. Kwa mila zetu, msibani mtani hapumziki, ndipo kazi yake inapokuwa kubwa zaidi, na tangu asubuhi alikuwa amewachekesha waombolezaji mpaka wengine wakamkasirikia. Alikuja, akaushika mkono wangu uliokuwa kwenye ufunguo, akaurudisha nyuma ule mzunguko wa nusu.

"Kaa, Mnyamwezi," akasema. "Leo nguruwe hawapo."

Nikakaa.